Chumvi Mbichi

Juzi nilikwenda sokoni kununua samaki wa barafu. Mama mwuzaji akafungua katoni, akawapiga samaki kwa ubapa wa panga ili waachane, na vipande vya barafu vikaruka mpaka usoni kwangu. Kimoja kikaniingia mdomoni. Nikasimama palepale na mfuko wangu, nikacheka peke yangu, cheko la mtu aliyepandwa na mashetani. Mama wa watu akashtuka. "Mama, iko nini?" Nikamjibu, "Hapana, mama, hii chumvi yako njo inanichekesha." Akawatazama samaki, akanitazama mimi, akaniongezea mmoja bila kuniambia bei. Nadhani alinihurumia.

Ninyi mliokula chumvi nyingi pamoja nami mnaikumbuka miaka ile ambapo chumvi yenyewe ilipotea. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wazungu wa mashamba ya ng'ombe walikuwa wameondoka, kamio za kubeba mizigo zilikuwa zimepungua barabarani, na kitu chochote kilichotoka mbali kilifika kwetu Masisi kwa kuchelewa, tena kidogo, ama hakikufika kabisa. Sabuni tulivumilia. Mafuta ya taa tulivumilia, tukalala mapema. Lakini chumvi, jamani! Muulize mtu yeyote aliyekula maharage matupu mwezi mzima atakwambia.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mlima. Juu yetu migomba, chini yetu maharage ya Mama, na chini ya maharage majani ya malisho yaliyoteremka moja kwa moja hadi kwenye kiziwa kidogo bondeni. Upande mmoja wa kiziwa ng'ombe walikunywa maji, upande wa pili wanawake waliloweka mihogo yao ivunde kabla ya kuianika. Kwa hiyo kiziwa kilikuwa na harufu yake, na mtoto aliyekwenda kuogelea kule hakuweza kudanganya mtu nyumbani.

Tulikuwa watoto wawili nyumbani: mimi, Sifa, na Hangi, mtoto wa baba yangu mkubwa aliyelelewa na sisi. Hangi alikuwa amesoma mwaka wa kwanza akaingia wa pili, mimi bado. Tofauti hiyo alinikumbusha kila siku ya Mungu. Jambo lolote lisilojulikana, Hangi alilijua. Ukimuuliza amelijuaje, anakujibu, "Kwa masomo," na mjadala umekwisha.

Mtu wa tatu, na kwangu mimi wa kwanza, alikuwa Koko, mama mzazi wa Papa, baba yangu. Nililala naye kitanda kimoja. Alikuwa mtu wa msitu, mzaliwa wa Walikale, aliyekua kwa samaki wa mtoni na nyama ya kukaushwa, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliwataja majirani wote kwa majina aliyowabandika mwenyewe, na wenyewe walicheka. Mwaka huo alikuwa ameugua kifua. Kikohozi kilikwisha, lakini hamu ya kula haikurudi. Mama akipika sombe ya majani ya muhogo, Koko anaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, anasukuma sahani. Akipika maharage, vilevile.

"Mama Sifa," alikuwa akisema kwa upole, "chakula yako iko muzuri. Lakini miye siko mbuzi."

Zamani kwao msituni, alituambia, walichoma majani fulani ya kinamasi, wakachuja majivu yake kwa maji, wakayachemsha hadi wapate chumvi yao ya nyumbani. Majani yale hayakuota kwetu milimani. Mama akajaribu majivu ya maganda ya ndizi. Koko akatema, akauliza, "Sasa hapa tunapika ao tunafua nguo?" Tulicheka sana, hata yeye alicheka, lakini hakula. Usiku nilipomkumbatia niliihisi mifupa ya mgongo wake, na kila mara ilikuwa imejitokeza zaidi.

Siku moja nikamsikia Mama akimwambia Papa nyuma ya nyumba, "Mama yako anatuacha hivi tunamuangalia. Hakuna dawa ingine. Tafuta chumvi." Kesho yake Papa akajitwika maharage, akashika njia ya Kashebere, maana watu walisema kule bado kuna wafanyabiashara wanaobadilisha chumvi kwa maharage. Mimi nikaelewa neno hili hivi: chumvi ikija, Koko anaishi, isipokuja, Koko anakufa. Sikuwa na neno lingine kichwani.

Sasa niwaeleze habari ya ile kalenda. Papa aliikuta katika nyumba ya Mzungu mmoja wa ng'ombe baada ya mwenyewe kuondoka, akaileta, akaitundika chumbani kwa Koko kuziba ufa wa ukuta. Tarehe zake zilikuwa zimeshapita zamani, hakuna aliyezijali. Kitu kilikuwa ile picha. Kulikuwa na kiziwa, kama chetu kabisa, kilima nyuma yake, nyumba chache. Lakini kila kitu kilikuwa cheupe: mlima mweupe, mapaa meupe, miti nayo imebeba weupe. Na juu ya kiziwa, juu ya maji kabisa, watoto wa Kizungu walikuwa wamesimama! Wengine walikuwa wanakimbia, wengine wameketi kwenye vibao wakivutwa. Chini ya viatu vyao kulikuwa na visu.

Tuliitazama picha hiyo hadi macho yakauma. Mimi nilifikiri ni mbinguni. Hangi akakataa: mbinguni hakuna mbwa, na hapo pembeni kulikuwa na mbwa. Aliifikiria siku kadhaa, kisha akaja na jibu.

"Ile iko chumvi."

"Chumvi yote ile?"

"Njo maana haifiki kwetu. Angalia, bao batoto ba Bazungu banaichezea tu!"

Nilikasirika mno. Hangi akanionyesha ushahidi mmoja baada ya mwingine. Watoto wale walivaa vifuko mikononi kwa sababu chumvi inachoma ukiwa na kidonda. Walivaa makoti makubwa ili waingize chumvi mfukoni na kwenda kuuza. Na kiziwa kilishika miguu yao kwa sababu maji yakizidiwa na chumvi yanakuwa magumu. Nikasitasita. Ndipo akanionyesha kitoto kimoja cha kike chenye kofia nyekundu, kimeinua kiganja chenye vitu vyeupe mbele ya mdomo, ulimi nje.

"Ule anaonja nini?" akauliza Hangi. "Sukari inamwangika chini?"

Hapo nikaamini. Tangu siku hiyo Hangi alishinda akichonga. Alipasua mwanzi vipande viwili, akavifunga chini ya nyayo kwa kamba za mgomba, akajifundisha kuteleza kwenye tope la mteremko. Alianguka vibaya mara nyingi, lakini alisema anajiandaa. Kujiandaa kwa nini, hakusema. Koko alimwita "Muzungu wa matope".

Papa alikuwa bado hajarudi kutoka Kashebere siku mbingu ilipogeuka. Ilikuwa mchana. Mama alikuwa mahali pake pa kila siku, katika maharage yaliyokuwa yametoa maua. Upepo baridi ukaja kutoka juu, wingu likashuka, lina rangi ya jeraha la zamani. Koko akainua kichwa kitandani.

"Sifa, tupa jembe nje! Mbio!"

Hiyo ilikuwa desturi yake. Unatupa jembe uani, mvua ya mawe inaona kwamba hapa wanakaa watu wanaolima, inawahurumia na kupita mbali. Nikalitupa. Labda mvua haikuliona. Mawe yakaja, mwanzo moja moja, kisha yote pamoja, yakapiga paa la nyasi, yakapiga migomba ikapasuka majani, kuku wakaingia ndani wakipiga kelele, na mbuzi wakaingia nyuma ya kuku bila kubisha hodi. Mimi niliingia chini ya blanketi la Koko. Tulikuwa tumeshawahi kuona mvua ya mawe, lakini ya kuyeyuka kabla hujaiokota. Hii haikuwa hivyo. Ilinyesha na kunyesha, na iliponyamaza Hangi akafungua mlango.

Yo! Kila kitu kilikuwa cheupe. Uwanja mweupe, mteremko mweupe hadi bondeni, mapaa ya majirani meupe. Hangi alitazama nje, akakimbia ndani kwenye kalenda, akatazama picha, akarudi mlangoni akihema.

"Njo yenyewe!" akapiga kelele. "Njo yenyewe, Sifa! Chumvi imefika!"

Nikaokota konzi moja nikatia mdomoni. Ikanichoma ulimi, ikanichoma meno, machozi yakanitoka. Kali kweli! Nikatafuta ule utamu wa chumvi ninaoukumbuka, sikuupata. Lakini tulikuwa tumekaa bila chumvi kwa muda mrefu, nani angeapa kwamba anakumbuka vizuri?

"Hangi, iko chumvi ao haiko?"

Akaonja, akafumba macho, akatafuna polepole, kama Papa anapoonja pombe ya ndizi ya mwenzake.

"Iko chumvi," akasema. "Lakini iko mbichi. Haiyaiva bado. Inaomba moto."

Nilichukua kitunga kikubwa cha Mama, kile kikapu chake cha kuvunia, nikakijaza. Ningerudi jikoni mara moja, naapa. Lakini watoto wa mlima mzima walikuwa wameshatoka, na mmoja alikuwa ameketi juu ya ganda la mgomba akiteremka kwa kasi ambayo hatujaiona maishani. Mtoto ni mtoto. Nikaweka kitunga changu kivulini nikavua ganda langu kwenye mgomba ulioanguka.

Tuliteleza! Wawili wawili, watatu watatu, tukibebana, tukigongana, wengine kwa tumbo, wengine wameinua miguu. Unapanda ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi, unashuka unapiga mayowe, unapanda tena. Bondeni mawe ya mvua yalikuwa yamesombwa na maji hadi kiziwani, yakaelea yamebanana ukingo hadi ukingo. Maji hayakuonekana hata kidogo. Kiziwa chetu kilikuwa kile cha kalenda.

Tukasimama wote ukingoni. Hangi akajifunga mianzi yake miguuni. Akajikunjua, akapangusa mikono, akatutazama mmoja mmoja kama padre kabla ya mahubiri.

"Mayi yenye chumvi inakamata muntu," akasema. "Munifuate taratibu, musisukumane."

Akapiga hatua. Chubwi! Akapotea hadi utosini. Mianzi ikaibuka kwanza, halafu yeye, kinywa wazi, sauti haitoki kwa baridi, na kwenye bega lake kipande cha muhogo uliovunda wa mama jirani. Tulimvuta kwa ganda la mgomba. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Haiyaenea. Chumvi haiyaenea bado."

Ndipo tukamwona Mama. Alikuwa anashuka kutoka kwenye maharage, kikwembe alichojifunga kiunoni kimelowa, ameshika mkononi mashina mawili matatu yaliyobaki na ua. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imelala chini. Leo nayajua mambo aliyokuwa akiyabeba: shamba limepigwa, mume yuko njiani, mama mkwe hataki kula. Wakati ule niliona tu fimbo katika mkono wa pili.

"Batoto ba namna gani nyie?" akapaza sauti. "Maharagi inakufa, nyie munacheka! Hangi, umeenda wapi hivi? Kuja hapa! Sifa, na weye..."

Hakumaliza. Mguu ulimtoka, akaketi kwa kishindo, na mlima ukamchukua. Mama yangu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alipita katikati yetu akiwa ameketi wima, fimbo juu, macho yamemtoka, akaenda, akaenda, hadi miguu yake ikaingia kiziwani. Tulimwona mgongo tu, na mabega yakianza kutikisika. Nikajua analia. Nikamkimbilia. Kumbe alikuwa anacheka! Alicheka hadi machozi yakashuka, kisha yale machozi yakageuka ya kweli, halafu akacheka tena, na mimi nikashindwa kujua nimbembeleze ama nicheke naye.

"Mama, usililie maharagi," nikamwambia. "Tumepata chumvi. Minajaza kitunga nzima. Koko atakula."

Akaacha kucheka. Akanitazama, akautazama mteremko ule mweupe, akanipangusa kamasi kwa ncha ya kikwembe.

"Chumvi," akasema taratibu.

"Iko mbichi, inaomba moto."

Mama akasimama, akajikung'uta, akamnyang'anya mtoto mmoja ganda lake la mgomba. "Ebu nijaribu mara moja kwa akili yangu," akasema, akapanda mlima, akateleza mara moja tu, kwa heshima zote, miguu pamoja. Watoto wakampigia makofi. Nilijisikia tajiri kuliko watoto wote wa Masisi.

Kitunga nilikibeba mwenyewe kichwani. Kikaanza kuvuja, maji yakanishuka shingoni. Hangi, akitetemeka pembeni yangu na kunuka mihogo, akanituliza: chumvi mbichi ikitembea inatoka jasho, ni kawaida. Hata hivyo nilikimbia. Nilifika na nusu.

Koko alikuwa ameamka, ameketi mlangoni juu ya kigoda, amejifunika blanketi. Kutoka pale mteremko wote unaonekana, na kwa jinsi alivyokuwa akijifuta macho nilijua ameona kila kitu, hata safari ya Mama. Nikaweka kitunga mbele yake. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: kwamba chumvi imeanguka, kwamba ni ileile ya kalenda, kwamba imepungua njiani lakini imebaki ya kutosha, kwamba sasa hatakufa.

Neno hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka tu.

Mama akapiga magoti karibu yangu. "Sifa, mwanangu," akaanza, "sikiliza, hii kitu..."

"Mama Sifa," Koko akamkata. Alichukua punje moja kwa vidole viwili, akaiweka ulimini, akaifumbia mdomo. Alikaa nayo kitambo. Kisha akasema, "Unangoja nini? Weka kwa moto. Chumvi mbichi inaiva na maneno?"

Maharage yalikuwa jikoni tangu asubuhi, yamekauka maji. Mama akamimina kitunga chote ndani ya chungu, matone ya mwisho nikayakamua mimi. Chungu kikachemka. Hangi aliketi karibu na moto, amevikwa kikwembe cha Mama, akatufafanulia namna chumvi inavyoingia ndani ya haragwe.

Kabla jua halijazama Papa akatokea kwenye njia. Mzigo wa maharage ulikuwa bado kichwani kwake, vilevile alivyoondoka nao. Aliutua, hakutazama mtu. Kamio ya chumvi ilikuwa haijafika Kashebere, na hakuna aliyejua itafika lini. Alichuchumaa mbele ya Koko.

"Mama, sikupata."

"Umechelewa," Koko akamwambia. "Sifa amekwisha kupata. Nawa mikono."

Papa akamgeukia Mama. Mama alikuwa ameinamia chungu, anapakua. Tukaketi wote kuzunguka bugali, na sahani ya Koko nikampelekea mimi. Nilisimama mbele yake, sikula, nikimtazama mdomo. Alimega bugali, akachovya, akatafuna. Akameza. Akamega tena. Nilihesabu moyoni hadi namba zangu zikaisha, na bado alikuwa anakula. Uso wake haukuonyesha kitu.

Papa naye akaonja. Akaacha kutafuna. Akafungua kinywa kusema.

"Mama Sifa!" Koko akatangulia, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue. "Leo umetuua. Chumvi imezidi!"

Papa akamtazama mama yake. Akaitazama sahani ya Koko iliyokuwa karibu tupu. Kisha akanitazama mimi, niliyesimama pale na nguo yangu iliyolowa, akameza tonge lake polepole.

"Kweli imezidi," akasema. "Nipeni mayi ya kunywa."

Mama akamletea kikombe, Papa akakinywa hadi mwisho, akajaza tena akampa Mama. Mama akanywa. Hangi akanywa, akasema alituonya kwamba kitunga kizima ni kingi mno. Koko akanywa, akarudisha kikombe, akaninyooshea sahani niongeze. Nikamwongezea. Halafu nikaenda kwenye mtungi, nikateka maji nikanywa vikombe viwili, maana na mimi kiu ilikuwa imenishika kweli.